Mtoto, Katuni na Mji: Je, Twaona au Twatambua?

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya laonekana dogo, pengine hata la mchezo. Lakini tulipolitafakari tulikuta kwamba ndani yake mna jambo zito lihusulo malezi na ukweli. Swali lenyewe ni hili: je, ni vema kumtembeza mtoto katika mji au nchi kwa kufuata katuni aipendayo? Yaani, tumshike mkono tumpeleke mahali, na sababu ya kumpeleka iwe kwamba mahali hapo pamechorwa katika picha alizozizoea, ili afike na kusema, "Hapa ndipo!"

Desturi hiyo imeenea ulimwenguni. Huko Paris wazazi huwaonyesha watoto mikahawa na mapaa ya nyumba kwa ajili ya panya mpishi wa sinema ya Ratatouille ya mwaka 2007. Katika Brussels, tangu mwaka 1991, kuta za nyumba zimekuwa zikichorwa wahusika wa katuni za Kibelgiji, na wageni huzizungukia moja baada ya moja. Wajapani wamelipa jambo hili jina kabisa, seichi junrei, maana yake ziara ya mahali patakatifu. Katuni ya Lucky Star ilipoonyeshwa kwao mwaka 2007, hekalu la kale la Washinomiya lilianza kupokea makundi ya vijana waliotaka kusimama pale waliposimama wahusika wao. Tazama ajabu ya jina hilo. Hekalu lilikuwa takatifu kwa karne nyingi, lakini kwa vijana hao utakatifu wake ulianza siku lilipochorwa.

Tuyalete mambo haya nyumbani. Mtoto wa Arua au wa Koboko naye ana katuni zake. Huzitazama katika televisheni ya jirani, katika kibanda cha video chenye kelele, au katika simu ya mzazi wakati mzazi amelala. Amjua Simba na baba yake Mufasa. Akiwa mdogo zaidi, yamkini amjua Akili, yule binti wa miaka minne wa katuni za Ubongo zitengenezwazo Tanzania, aishiye na jamaa zake chini ya mlima Kilimanjaro. Lakini katuni hizo hazikuchora mlima wa Liru, wala mto Enyau, wala soko la Arua. Basi mtoto huyu tumpeleke wapi? Tumpakie basi mpaka Naivasha? Na akibaki hapa, je, aelewe kwamba mji wake hauna hadithi, na kwa hiyo haustahili kutazamwa? Hapo ndipo swali lililoonekana la mchezo linapoanza kuuma.

Kutambua na kuona

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi ya jicho: kuona, kutazama, kuangalia, kukodolea, kutambua. Kwa ajili ya hoja yetu twaomba tuvitenge viwili tu. Kutambua ni kukuta nje kitu ambacho tayari kimo ndani. Ukimtambua mtu sokoni ni kwa sababu sura yake unayo. Soko limekurudishia tu ulichokuwa nacho. Kuona ni jambo jingine. Kuona ni kupokea kisichokuwamo. Atambuaye huridhika upesi, kwani kazi yake imekwisha pale picha ya ndani na kitu cha nje vinapolingana. Aonaye hana budi kusubiri, kwa kuwa bado hajui anapewa nini.

Mtoto atembezwaye kwa katuni aghalabu hutambua. Hukimbia mbele, hunyosha kidole, hupaza sauti, kisha hutaka kwenda mahali pa pili. Jioni ukimwuliza ameona nini atakuhesabia yale yaliyomo katika katuni. Mama auzaye mihogo kwenye ngazi zile zile hakumwona, kwa kuwa hakuchorwa. Furaha ya mtoto ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini mahali palipotambuliwa tu pamefanywa mtumishi wa picha. Pamepewa kazi moja, nayo ni kuishuhudia picha kwamba haikusema uongo.

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kusikia si kuona. Sisi twathubutu kuongeza kwamba kutambua nako si kuona. Tena kuna tofauti: mwenye kusikia ajua kuwa bado hajaona, na hamu yake i hai. Mwenye kutambua adhani amekwisha kuona, na hamu yake imezimika. Kwa sababu hiyo upofu wa atambuaye ni mgumu zaidi kutibu.

Mchoraji na nchi asiyoifika

Tukitoka Arua tukielekea magharibi, baada ya kilometa chache tu twaingia Kongo. Nchi hiyo iliwahi kuchorwa katuni mashuhuri. Katika miaka ya 1930 na 1931 mchoraji Mbelgiji aliyejulikana kwa jina la Hergé alichapisha kwa mafungu, katika gazeti la watoto la Brussels, kisa cha kijana Tintin huko Kongo. Hergé hakuwa amefika Kongo. Alichora kwa kutegemea maandishi, vitu vya makumbusho na fikira za wakoloni wa zama zake. Katika kisa hicho Tintin aingia darasani kuwafundisha watoto Wakongo habari za nchi yao, na nchi yenyewe anayowatajia ni Ubelgiji. Kisa kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo lile liligeuzwa likawa la hesabu. Somo lilibadilishwa, lakini midomo minene na ujinga waliovikwa Wakongo vikabaki. Mwaka 2007 Mkongo akaaye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mbele ya sheria mjini Brussels akitaka kitabu hicho kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake.

Sasa tuwaze kwamba mtoto wa Ulaya aliyekipenda kitabu kile aletwa Kongo azuru nchi ya Tintin. Atamtafuta yule mtu aliyechorwa. Akikutana na mtu aliye hai, amevaa shati safi na anazungumza lugha nne, atadhani kwamba huyo aliye hai ndiye aliyekosea. Picha imekuwa kipimo, na mtu amekuwa kitu kinachopimwa. Hapo kutambua kumevuka mpaka wa mchezo na kuingia katika dhuluma.

Wala tusidhani kwamba dhuluma hiyo hutendwa kwa dharau tu. Hutendwa kwa mapenzi pia. Sinema ya The Lion King ya mwaka 1994 ilitengenezwa na watu waliotuma wachoraji wao Kenya kwanza, na majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo yaliyowapa mfano. Walifika, walitazama, na picha yao ni nzuri mno. Wakachukua na maneno yetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa, Shenzi. Mwalimu wa Kiswahili aweza kufundisha kipindi kizima kwa majina hayo peke yake. Lakini tuangalie vizuri. Katika nchi hiyo yote yenye majina ya Kiswahili hamna binadamu hata mmoja. Hamna Mmasai na ng'ombe wake, hamna mama atekaye maji, hamna kijiji wala shule. Maneno yamebaki, wasemaji wameondolewa. Tena kampuni iliyoitoa sinema hiyo iliyafanya maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara huko Marekani, jambo lililozusha malalamiko mengi mwaka 2018. Hatusemi mtoto asimpende Simba. Twasema tu kwamba mtoto aendaye Naivasha kumtafuta Simba yumo katika hatari ya kuwapita watu wa Naivasha kama apitaye miti.

Utetezi wa hadithi

Hapa mwalimu mkali aweza kuinuka na kutuambia: "Basi jambo ni rahisi. Tuzifungie katuni, tuwapeleke watoto mahali kama palivyo, bila hadithi yoyote." Hatukubaliani naye, na sababu zetu ni mbili.

Kwanza, jicho tupu halioni, hupita tu. Mtoto asiye na hadithi akipelekwa mlimani huona jiwe kubwa, akapelekwa mtoni huona maji, kisha huomba kurudi nyumbani. Wazee wetu walilijua hilo. Hawakumpeleka mtoto mahali bila kumwambia ni nani aliyepita hapo, ni nani aliyezikwa hapo, na kwa nini kisima kile hakichotwi usiku. Hadithi ilimfanya mtoto ainue macho. Katuni nayo, kwa mtoto wa leo, yafanya sehemu ya kazi hiyo, na kuikataa kwa sababu tu ni ngeni au ni ya mashine ni kukosa haki.

Pili, si kila hadithi hufunga jicho. Chukua mfano wa katuni ya Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Mtindo wake wa kuchora wanyama ulitokana na kazi ya Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, na aliyeanzisha uchoraji wake huko Dar es Salaam. Mtoto aipendaye katuni hiyo akipelekwa Oysterbay, mahali wanapofanyia kazi wachoraji wa mtindo huo, hatamkuta kiboko wala kobe wa katuni. Atamkuta mtu ameketi, mkono umeshika brashi, kopo la rangi liko miguuni. Katuni imemtoa kwenye picha na kumfikisha kwenye mkono uliozaa picha. Atarudi akiuliza rangi ile hukauka kwa muda gani, na mchoraji alifundishwa na nani. Hayo ni maswali ambayo hakwenda nayo.

Hapa twapata kipimo tulichokuwa tukikitafuta. Katuni njema kwa safari ni ile izaayo swali, na katuni mbaya ni ile iliyokwisha kujibu. Na kwa kuwa katuni moja yaweza kuwa yote mawili, mambo mengi hutegemea mtu mzima aliyemshika mtoto mkono.

Barabara ya Arua na Koboko

Tukijaribu kipimo hicho huku West Nile, twaona kwamba mtoto wetu si maskini wa hadithi kama tulivyohofu. Ufunguo wa mji wake anao. Hajaonyeshwa tu mlango ulipo.

Tuanze Arua, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Jina la mji husimuliwa kuwa latokana na neno la Kilugbara la gereza. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909, Lado ilihamishiwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 upande huu ukatiwa Uganda. Katika miaka 20, basi, wenye ramani waliipaka nchi hii rangi tatu. Watu hawakuhama, picha ndiyo iliyohama. Mtoto aliyezoea kuona katuni ikichorwa na kufutwa ataifahamu habari hii upesi kuliko tunavyodhani. Tumsimamishe juu ya kilima cha Arua, tumwambie kwamba ramani nayo ni picha iliyochorwa na mtu, na kwamba mtu huyo hakuwauliza waliokuwa wakilima hapa chini.

Kisha tushike barabara ya kaskazini, iendayo Koboko, safari ya kilometa 50 na ushei. Katika nchi hii mna milima miwili ambayo kila mzee aijua: Wati, upande wa Terego, na Liru, upande wa Koboko. Milima hiyo ina hadithi, nayo ni kubwa kuliko ya Simba. John Middleton, mtaalamu wa mila aliyekaa kati ya Walugbara tangu mwaka 1949 hadi 1952, aliiandika kama alivyosimuliwa. Yasemwa kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, walifika nchi hii wakitoka mbali. Jaki alifika Liru na Dribidu alifika Wati. Dribidu alikuwa na nywele mwili mzima. Alikuwa amefukuzwa ng'ambo ya Nile kwa sababu alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe. Huku alimkuta mwanamke mwenye ukoma, naye mwanamke huyo akampa moto. Dribidu akamtibu kwa dawa alizozijua. Kutokana na mashujaa hao wawili zikatoka koo nyingi za nchi hii.

Mtoto aliyefunzwa na katuni yu tayari kwa hadithi hii. Ajua maana ya shujaa, ya mlima, ya kufukuzwa kwenu na kuanza upya. Mpaka hapo Simba amemtumikia Dribidu, nasi hatuna budi kumshukuru Simba. Lakini baada ya hapo njia zatengana.

Tulipata kuwapeleka watoto wa shule kuutazama mlima Liru. Mmoja wao, mpenzi wa katuni, alisimama akautazama, kisha akasema kwa masikitiko, "Mwalimu, mbona mdogo?" Kichwani mwake alikuwa na mlima wa katuni, wenye theluji kileleni. Mwenzake, ambaye bibi yake akaa vijiji vya upande ule, akamjibu pale pale: "Si mdogo. Wewe ndiye uko mbali." Hatukuwa na la kuongeza. Yule wa kwanza alikuja kutambua, na mlima ukamnyima alichokuja nacho. Yule wa pili alimwonyesha kwamba kasoro haikuwa mlimani, ilikuwa katika umbali, na umbali huondolewa kwa miguu.

Na tukisogea, twagundua mambo matatu ambayo katuni haikutuandaa kwayo. La kwanza, mlima huu una wenyewe. Mashujaa wale si wahusika wa hadithi tu. Kwa watu wengi ni mababu. Mtu hapandi juu ya babu wa mwenzake akipiga kelele na kupigwa picha bila kubisha hodi. La pili, hadithi haina mchapishaji mmoja. Ukoo huu wasimulia hivi na ule vile, Mlugbara ana yake na Mkakwa ana yake, na mtoto aulizaye ipi ni ya kweli atajifunza kwamba kuna mambo ambayo wakubwa wenyewe wamekaa nayo bila kuyamaliza. La tatu, hadithi ina uchungu ndani yake. Shujaa alikula watoto, na mkombozi wake alikuwa mwanamke ambaye watu walimtenga. Wapo watakaotaka kuisafisha ili ifanane na katuni. Sisi twaona kwamba tukimwondoa mwanamke mwenye ukoma, tumeondoa moto. Na tukiondoa kosa la Dribidu, hakuna tena sababu ya yeye kuja huku.

Watu waliotambuliwa bila kuonwa

Twafika Koboko, mji ulio karibu na mahali nchi tatu zinapokutana: Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Sokoni mtoto husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kibangala na Kiswahili kabla hajamaliza kununua ndizi. Hata hivyo, wageni wengi wajao Koboko huwa na swali moja tu. Huuliza habari za Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu mwaka 1971 hadi 1979, na ambaye jamaa zake ni watu wa nchi hii. Wageni hao wameona sinema, mathalan The Last King of Scotland ya mwaka 2006, au wamesoma magazeti, nao wamekuja kutafuta mahali pa hadithi hiyo. Hivyo wageni wa Koboko nao ni watoto waliotembezwa na katuni. Fundi wa baiskeli, muuguzi, mkulima wa tumbaku, mwalimu wa darasa la kwanza, wote hugeuka kuwa mapambo ya nyuma katika sinema ya mtu mmoja.

Watu wa West Nile wajua jambo hilo laweza kufikia wapi. Tukirudi Arua kwa barabara ile ile, kabla ya kuingia mjini twapita Ombaci. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa sehemu hii walihesabiwa jumla kuwa ni watu wake, na maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali ya wakati ule waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, miongoni mwao wanawake na watoto. Waliouawa hawakuulizwa majina. Walikuwa wamekwisha kutambuliwa.

Tumeona tuyaandike haya katika makala yaliyoanza na panya mpishi wa Paris, kwa sababu ndiyo uzito wa swali letu. Hatusemi kwamba mtoto afurahiye kukuta mahali pa katuni yake atakuwa muuaji. Hilo lingekuwa neno la kipuuzi. Twasema kwamba tabia ya jicho huanza kujengwa mapema, na jicho lililozoea kumpima mtu kwa picha iliyotangulia ni jicho lisilo na breki. Likipewa picha nzuri litafanya upuuzi tu. Likipewa picha mbaya litafanya maovu.

Je, tumwambie mtoto habari za Ombaci? Wapo wasemao ni mapema. Twakubali kwamba kila umri una kadiri yake. Mtoto wa miaka sita yatosha aambiwe kwamba hapa walikufa watu wasio na hatia, nasi twapita kwa heshima. Wa miaka 12 aweza kuambiwa mwaka na sababu. Lakini kupanga ziara ya mji kwa namna ya kuiruka Ombaci, kwa kuwa haimo katika hadithi yoyote ya kupendeza, ni kumfundisha mtoto kwamba mahali ni kile tu kinachotufurahisha. Mafunzo hayo hayafai, hata yakitolewa kwa huruma.

Wajibu wa mwenye kumshika mtoto mkono

Kutokana na hayo twaona kwamba jibu la swali letu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti. Hadithi ni njia halali ya kumfikisha mtoto mahali. Isipewe haki ya kupanyamazisha mahali hapo baada ya kufika.

Sharti la kwanza ni kwamba mahali papewe nafasi ya kuikanusha picha. Kabla ya safari mtoto aseme, au aandike, atarajia kuona nini. Akirudi aseme ni nini kilichomkuta tofauti. Asisifiwe kwa kuyakuta aliyoyatarajia; asifiwe kwa tofauti.

Sharti la pili ni kwamba asitembee kama mtu apitaye katika nyumba isiyo na watu. Abishe hodi, aamkie, aulize. Hapa ndipo kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili inapodhihirika. Lugha yetu ilitajwa katika katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini nayo imepata kuonja msiba wa kutambuliwa tu: kwa miaka mingi Waganda wengi waliposikia Kiswahili walimtambua askari, wasitake kusikia lililosemwa. Dawa yake haimo katika vitabu peke yake. Mtoto wa Arua akimwamkia kwa Kiswahili mama muuza samaki wa sokoni, na mama akamwitikia na kumweleza samaki ametoka wapi, lugha imefanya kazi ambayo katuni haiwezi kuifanya. Wakongo wa Tintin walisemeshwa tu. Huyu mama amejibu, na pengine ameuliza swali lake mwenyewe: "Nawe, mwanangu, ni mtoto wa nani?" Mtoto aliyekwenda kutazama sasa anatazamwa, naye hana budi kusema yeye ni nani.

Sharti la tatu ni kwamba mtoto achore. Karatasi na penseli vyatosha. Achore Liru kama alivyouona kutoka mbali, kisha auchore tena akiwa chini yake. Achore soko, na amchore mtu mmoja ambaye hadithi haikumtaja. Kwa kuchora atagundua kwa mkono wake mwenyewe kwamba kila picha huacha jambo nje, na kwamba mchoraji ndiye achaguaye. Mtoto aliyekwisha kuchagua kumwacha mtu nje ya karatasi, kwa kuwa nafasi haikutosha, hatadanganyika tena kirahisi na picha ya mwingine.

Kuna methali isemayo, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Wengine huitumia methali hii kuwakataza vijana kila kigeni. Sisi twaisoma kwa upole zaidi. Msala ni mzuri, na mtoto ana ruhusa kuukalia ukiwa umetandikwa. Simba na Akili ni misala ya namna hiyo, nao tunawakaribisha. Jambo la kukumbuka ni kwamba msala hupita, na ukishapita mtoto atahitaji mahali pa kukaa. Mbacha wake ni Liru na Wati, ni Enyau na Ombaci, ni soko la Koboko na makelele yake ya lugha tano.

Twawaomba walimu wenzetu, wa West Nile na wa kwingineko, walijaribu jambo hili na kutuandikia waliyoyapata. Kila mji una kilima chake ambacho hakijachorwa, na kila darasa lina mtoto mmoja ambaye bibi yake akaa upande ule. Mtoto huyo aitwe mbele awaongoze wenzake.